Nyimbo Zisizo na Mungu

Mke wangu alirudi kutoka kazini jioni moja ya Novemba, akaketi mezani bila kuvua koti, akasema:

"Directeur anaomba chorale yetu ikuye kuimba ku fête ya bazee."

Nikamjibu kwamba mkurugenzi wake kuiita kwaya yetu kwenye sherehe ya wazee ni jambo zuri.

"Ngoja kwanza. Anataka tuimbe ya kwetu, na ngoma, na byote. Lakini bila Mungu."

"Bila Mungu, namna gani?"

"Sans religion, bila dini, papa. Njo vile alisema. Alisema na kucheka, lakini alisema."

Ili ieleweke kwa nini hakuvua koti, nieleze hali yetu ya wakati ule. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Tulikaa Laeken, juu ya duka la mazulia, katika nyumba yenye ngazi nyembamba. Mimi nilifanya kazi ya zamu katika kiwanda cha magari kule Forest. Mke wangu, ambaye Bukavu alikuwa muuguzi mwenye diploma, Brussels aliambiwa diploma hiyo haitambuliwi, akaanza upya kama msaidizi katika nyumba ya wazee ya komuni, yaani serikali ya mtaa, kule Ganshoren: kuosha, kuvisha, kulisha, kugeuza. Mikataba yake ilikuwa ya miezi michache michache. Kila mmoja ulipokaribia kwisha alishuka ngazi asubuhi kufungua sanduku la barua kabla mtu wa posta hajapita, jambo lisilo na maana, naye alijua halina maana. Mwaka ule ilitangazwa nafasi moja ya kudumu. Ingeamuliwa baada ya sikukuu, na pendekezo lingetoka kwa mkurugenzi. Kwa hiyo lile lilikuwa ombi, lakini lilikuwa ombi la mtu aliyeshika kazi yake mkononi.

Mkurugenzi mwenyewe hakuwa mtu wa kutisha. Alikuwa mwanamume mrefu, mwembamba, mwenye sweta zilizochakaa viwikoni, aliyejua kila mkaazi anakunywa kahawa yake vipi. Mke wangu alimkuta mara nyingi saa ya chakula akimlisha mzee supu kijiko kwa kijiko, kazi ambayo haikuwa yake. Lakini katika jambo moja alikuwa mkali. Nyumba ile ilikuwa mali ya umma, na mali ya umma, alisema, haina dini. Msalaba uliokuwa katika ukumbi wa kulia chakula aliuondoa mwaka ule, na baadhi ya familia zikalalamika. Pango la Noeli lililokuwa likiwekwa mlangoni, lenye punda aliyevunjika sikio, lilifungwa ndani ya sanduku. Sherehe ya Noeli ikaitwa sherehe ya majira ya baridi. Wafanyakazi wakaombwa wasivae kazini alama yoyote ya dini inayoonekana.

Mke wangu alikuwa na medali ndogo ya Bikira Maria, aliyopewa na mama yake siku alipoondoka. Akaitoa shingoni, akaibana kwa pini ndani ya mfuko wa aproni. Nilimuuliza kama jambo lile linamuuma.

"Maria alizalia mu kiraro ya ngombe," akasema. "Mfuko ya aproni haiwezi kumushinda."

Mimi nililichukua jambo lile kwa namna yangu, yaani nilikwenda maktaba. Shule niliiacha mapema, na tangu nifike Ulaya nilikuwa nimejiwekea desturi: jambo likinikera, nalitafuta kwanza katika kamusi kubwa, halafu katika vitabu viwili visivyokubaliana. Kwa njia hiyo nilijifunza kwamba neno lile lile, laïcité, yaani serikali kutokuwa na dini, halina sura moja pande mbili za mpaka. Ufaransa, serikali haimlipi padri wala shehe, na shuleni hata mwalimu hatakiwi kuonyesha anaamini nini. Ubelgiji, serikali inalipa wote: padri, mchungaji, rabi, imamu, na hata mshauri wa wale wasioamini, ambaye hospitalini unaweza kumwita akae nawe kama wengine wanavyomwita padri. Jambo hilo la mwisho lilinifurahisha sana. Nchi iliyowapa wasioamini padri wao ni nchi inayotaka kila mtu apate kiti.

Lakini televisheni tuliyoitazama ilikuwa ya Ufaransa. Waziri wao wa elimu alikuwa ametoa waraka kuhusu alama za dini zinazojionyesha mno shuleni, na kwa majuma mengi tuliona wasichana waliovaa vitambaa vya kichwa wakiwa wamesimama nje ya malango, na watu waliovaa tai wakibishana. Kilichoanza Paris kilifika Brussels kwa waya ule ule wa televisheni. Dada wa mke wangu alikuwa anakaa Lille, Ufaransa, akipika katika kantini ya shule ya serikali. Akapiga simu kumcheka mdogo wake.

"Bo, bado banabaacha muimbe! Huku kwetu hata sapin, muti ya Noeli, banaiangalia mubaya. Ninyi ba-Belges muko batoto."

"Yaya, nani alikuwa ba-Belge?" mke wangu akamuuliza dada yake.

"Weye. Unakula bilazi bya frites kila siku."

Nyuma ya utani ule mimi nilikuwa na wazo langu, ambalo nilimweleza mkurugenzi mara moja tu. Nilikuwa nimefika kumchukua mke wangu, naye alikuwa amesimama katika ukumbi wa chakula akitazama mahali msalaba ulipokuwa. Rangi ya ukuta pale ilikuwa imebaki nyeupe zaidi, kwa umbo lile lile, kiasi kwamba msalaba ulionekana vizuri kuliko zamani.

"Itabidi tupake ukuta mzima," akasema.

Nikamwambia yaliyotupata sisi. Nilipokuwa mwanafunzi Bukavu, serikali ilizichukua shule za wamisionari. Majina yetu ya ubatizo yakapigwa marufuku, na asubuhi moja mwalimu akapanda juu ya kiti, akatoa msalaba ukutani, akatundika picha ya rais kwenye msumari ule ule. Picha ilikuwa nzito kuliko msalaba. Msumari ukapinda. Kila mvua ya radi ilipopiga, picha ilikaa upande, na mwalimu alikuwa akiiendea mbiombio kuinyoosha, na uso wake nikiukumbuka leo ni wa mtu anayeogopa kuonekana. Nikamuuliza mkurugenzi: baada ya msalaba, hapa ataning'inizwa nani?

Hakuchukia. Alifikiri, kisha akasema: "Hakuna mtu. Hata saa sitaweka."

Halafu akaniambia jambo lake. Baba yake alikuwa mchimba makaa upande wa Liège, mtu wa chama cha wafanyakazi, asiyeingia kanisani hata kwa harusi. Alikufa kwa ugonjwa wa mapafu, katika chumba cha hospitali chenye msalaba mbele ya kitanda. Aliomba uondolewe. Mtawa akamwambia kwa upole kwamba utamfaa. "Alikuwa mpole kweli," mkurugenzi akasema. "Baba yangu alikufa amegeukia dirisha."

Tukabaki tukiutazama ukuta, kila mmoja na msumari wake. Tangu siku hiyo nilimpenda, ingawa sikukubaliana naye yote.

Basi Jumamosi iliyofuata tukakutana katika ukumbi wa parokia, Laeken, ambako kwaya yetu ilifanyia mazoezi. Tulikuwa watu wa Kivu, wengi wa Bukavu, wengine wa Uvira na Goma: wafagiaji wa maofisi, wasaidizi wa wagonjwa, wanafunzi waliochelewa kumaliza. Mimi nilipiga ngoma na kutunza karatasi za nyimbo. Mke wangu ndiye aliyeanzisha nyimbo. Katika kwaya yetu mwanzishaji ndiye kila kitu: anatupa mstari wa kwanza peke yake, wengine wanaudaka. Bila yeye hakuna wimbo, kuna watu wamesimama.

Alipowaeleza ombi, kilisikika kicheko kimoja kikubwa kutoka kwa maman mmoja wa sauti ya kwanza, mwanamke mnene, msusi, ambaye hakuwahi kuliacha jambo lipite bila kulitia chumvi.

"Bila Mungu! Alors tuimbe nini? Tuimbe météo, habari ya mvua na jua?"

Nikasema tufanye kwa utaratibu. Nikachukua karatasi zote, nikaanza kuzisoma moja moja kwa sauti, na kuziweka katika mafungu mawili: zenye Mungu kushoto, zisizo na Mungu kulia. Fungu la kushoto likapanda. Kulia, mwisho wa kazi, palikuwa na wimbo mmoja wa harusi, ambao unamwambia bibi arusi kwamba mama mkwe atamhesabia hata vijiti vya kiberiti.

"Ile haiwezi," akasema mke wangu. "Kule bote ni bamama bakwe."

"Kuko zingine tunajua siye bote," akasema msusi, na macho yake yakaanza kucheka kabla hajafungua kinywa. Akapiga makofi mara mbili, akaanza kutikisa mabega, akatoa mstari wa kwanza wa wimbo mmoja wa Chama, kile chama pekee cha rais wetu.

Nadhani hakuna Mzairwa, kama tulivyoitwa enzi zile, wa umri wetu ambaye hakuwahi kusimamishwa uwanjani kwenye jua kumwimbia rais na kumchezea. Shuleni, ofisini, kiwandani, hospitalini: kila mahali kulikuwa na kikundi. Mwili ulikuwa bado unakumbuka. Kabla hatujafikiri, nusu ya kwaya ilikuwa imeudaka mstari, na mkono wangu ulikuwa umeshaanza kupiga. Tukacheka na kuimba kwa pamoja. Ulikuwa wimbo mzuri, hilo ndilo baya lake.

Aliyetusimamisha alikuwa papa wetu wa besi, mwalimu wa zamani, mtu wa maneno machache. Hakupaza sauti.

"Ile, mimi niliikimbia," akasema. "Siwezi kupanda tram namba dix-neuf kwenda kumuimbia huku."

Makofi yakakatika. Msusi akafuta machozi ya kicheko, akasema, "Pardon, papa. Ni kweli." Hivyo ndivyo tulivyogundua jambo ambalo hakuna kitabu cha maktaba kilichokuwa kimenieleza: sisi nyimbo tulizozijua wote kwa pamoja zilikuwa za aina mbili tu, za Mungu na za rais. Aliyetuondolea za Mungu alikuwa anatuachia za rais.

Ndipo nikatoa pendekezo langu. Tulikuwa na wimbo mmoja wa zamani, uliofundishwa katika vikanisa vya mashamba tangu wakati wa babu zetu, mwepesi, wenye ngoma nzuri: twende kwake Yezu, twende na furaha, Yezu ametuwashia taa njiani. Sisi Wakatoliki wa Kongo tunasema Yezu. Ukiangalia vizuri, nikasema, wimbo huu hauna dini nyingine yoyote ila lile jina. Beti zote ni njia, taa, mvua, nyumba, chakula. Tukitoa jina na kuweka jingine lenye urefu ule ule, tuna wimbo wa Afrika. Na kwa kuwa tunawaimbia wazee, tuseme Koko. Ndivyo tunavyowaita kwetu mababu na mabibi.

Twende kwake Koko, twende na furaha. Tukajaribu. Uliingia kama mguu katika kiatu.

"Na Yezu, atajua kama ni yeye?" akauliza mke wangu.

"Anatujua sauti," akasema papa wa besi. "Hata tukiimba annuaire, kitabu ya namba za téléphone, atajua ni sisi."

Na nani mwingine angejua? Wakaazi wa Ganshoren walikuwa Wabelgiji, Kiswahili hawakijui. Isipokuwa mmoja, lakini huyo hatukumhesabu. Alikuwa mjane wa mwenye shamba la kahawa, mwanamke mdogo wa mwili, mweupe wa nywele, aliyekaa Kivu karibu miaka thelathini. Mke wangu alisema Kiswahili chake ni maneno kama ishirini, na yote ni amri. Siku ya kwanza mjane alipoiona sura ya mke wangu, alimwamuru akiwa amelala kitandani:

"Weye! Kuya hapa! Leta kawa, upesi!"

"Maman," mke wangu akamjibu, "boyi alienda congé tangu uhuru, tangu soixante. Hajarudia."

Mjane akacheka mpaka akakohoa. Tangu hapo walikuwa marafiki wa namna yao. Yeye aliendelea kuamuru, mke wangu aliendelea kumwambia boyi bado yuko likizo, na kahawa ilifika. Alikuwa na hofu moja kubwa, ya ghorofa ya juu. Huko walipelekwa wakaazi waliochanganyikiwa akili, na mlango wake ulifungwa kwa funguo. Kila alipopoteza miwani yake alimshika mke wangu mkono na kumwomba asimwambie mtu.

Siku ya sherehe palikuwa na barafu chafu barabarani. Tulifika na vitenge vyetu ndani ya makoti, ngoma nikiwa nimeifunga kwa blanketi. Katika ukumbi wa chakula ukuta ulikuwa umepakwa rangi mpya ya krimu. Kulikuwa na mti wa msonobari wenye taa. Niliuliza, kwa kutaka kujua tu, kwa nini mti umebaki. "Mti ni mti," mkurugenzi akanijibu, na nikaona kwamba yeye mwenyewe jibu lile halikumtosheleza. Wazee walikuwa wameketi kwenye meza za duara, familia zimesimama nyuma yao, na mezani kulikuwa na mikate ile mitamu ya sikukuu yenye umbo la mtoto aliyefungwa nguo, ambayo Wabelgiji huita cougnou. Mtoto yule ni nani, sikuuliza.

Mke wangu alikuwa amevaa kitenge kama wengine, kwa sababu siku ile ilikuwa siku yake ya mapumziko. Akasogea mbele. Akatupa mstari.

"Twende kwake Koko..."

Tukaudaka. Ngoma ikaitika vizuri katika ukumbi ule wa dari ya chini. Wazee wakaanza kupiga meza kwa vijiko. Mkurugenzi alikuwa karibu na mlango, kikombe mkononi, anatabasamu. Ubeti wa kwanza ukapita. Katikati ya ubeti wa pili nikasikia sauti nyingine, nyembamba, kali, kutoka meza iliyo karibu na dirisha.

"Hapana! Simama! Simama!"

Mjane alikuwa amesimama, ameshika meza kwa mikono miwili.

"Munaimba mubaya! Koko ni nani? Koko hapana! Nani alimuondoa Yezu?"

Mkono wangu ukabaki hewani. Mjane akaanza kuuimba mwenyewe, kwa maneno yake ya kweli, ubeti wa kwanza, wa pili, hata ule wa tatu ambao sisi tulikuwa tumekwisha kuusahau, akipiga kinanda kisichokuwepo juu ya kitambaa cha meza. Baadaye tuliambiwa kwamba kwa miaka yote ile alikuwa ndiye aliyepiga kinanda Jumapili katika kikanisa cha shamba la mumewe. Maneno ishirini ya amri yalikuwa ya jikoni. Haya alikuwa ameyaweka mahali pengine, na hakuna mtu aliyewahi kumuuliza.

Ukumbi mzima uliingiwa na aibu ile ambayo watu huona mzee anapopiga kelele. Binti yake akamshika bega. Mkurugenzi akaweka kikombe chini, akaja, akamuuliza mke wangu kwa Kifaransa:

"Anasema nini?"

Hapo ndipo ilipokuwa kazi yote ya mke wangu. Jibu rahisi lilikuwa mdomoni tayari, na kila mtu pale alikuwa analingoja: amechanganyikiwa kidogo, Monsieur, ni uchovu. Angeaminiwa. Tungeendelea na wimbo wa Koko, na mjane angetajwa katika mkutano wa Jumatatu, na ghorofa ya juu ingemkaribia hatua moja. Mke wangu alinitazama. Mimi nilikuwa na ngoma mbele yangu na sikuwa na la kumsaidia. Alimtazama mjane, ambaye naye alikuwa amekwisha kuona nyuso za watu na ameanza kuogopa. Mkono wake ulikuwa unatafuta miwani, na miwani ilikuwa usoni.

"Anasema tumekosea maneno," mke wangu akasema. "Na ni kweli, Monsieur. Akili yake iko sawa kuliko yetu. Huu ni wimbo wa kanisa. Tuliondoa jina la Yezu, tukaweka jina la babu."

Mkurugenzi akauliza: "Kwa nini?"

"Kwa sababu ulisema bila dini. Na sisi nyimbo zisizo na Mungu hatuna. Tulizo nazo ni za rais."

Sidhani kama alielewa mara moja neno lile la rais, lakini alinitazama mimi, na nikaona amekumbuka msumari. Alipitisha mkono usoni. Watu wote walikuwa wanangoja. Akazungumza taratibu, kama mtu anayesoma sheria aliyoiandika mwenyewe na kuona sasa tu kuna mahali hakupaelewa.

"Madame hapa yuko kwake," akasema, akimwelekeza mjane. "Nyumbani kwake mtu anaimba anachotaka. Hilo sikulikataza kamwe. Ninyi ni wageni wake. Kanuni ni yetu sisi, tunaolipwa."

"Na mimi?" akauliza mke wangu. "Mimi leo ni mgeni ao ni wenu?"

Mkurugenzi alikuwa mtu mwaminifu mno kubuni jibu palepale. Mke wangu ndiye aliyeamua. Alikwenda kwenye kabati la ukumbi, akatoa aproni yake ya bluu ya kazi, akaivaa juu ya kitenge chake, akaifunga kamba nyuma, akaenda kusimama kando ya mkurugenzi, mgongo ukutani, pale pale penye rangi mpya. Mikono akaitia mifukoni. Mimi nilijua katika mfuko wa kulia kuna nini.

"Maman," akamwambia mjane, "anzisha weye."

Mjane akaanzisha. Sauti ilitetemeka, lafudhi ilikuwa ya Kizungu, na alianza juu mno kiasi kwamba papa wa besi alitafuta noti yake kama mtu anayetafuta ngazi gizani. Lakini alitupa mstari kama unavyotakiwa kutupwa, kichwa nyuma, na sisi tukaudaka: twende kwake Yezu, twende na furaha. Msusi alikuwa analia na kucheka. Mimi nilipiga ngoma huku nikimtazama mke wangu. Kinywa chake kilikuwa kimefungwa kabisa. Kwa beti zote tatu hakuusogeza mdomo. Sijawahi kuona mtu akiimba hivyo.

Tukarudi nyumbani kwa tramu, ngoma magotini kwangu. Nilimuuliza kama anafikiri amepoteza nafasi.

"Sijue," akasema. "Lakini usiku nitalala."

Barua ilifika Januari, na siku hiyo hakuwa ameshuka kuingoja. Nafasi ilikuwa yake. Alipokwenda kumshukuru mkurugenzi, alimkuta ameinamia karatasi mezani, kalamu mkononi, hakuinua kichwa mara moja.

"Nilikuwa nakutazama siku ile," akamwambia. "Mguu wako wa kushoto ulikuwa unaimba."

"Monsieur, mguu..."

"Nimeangalia kanuni. Mguu haumo."

Baada ya hapo kukawa na utaratibu kati ya wanawake wale wawili. Alasiri, wakati wa kutandika vitanda, mjane aliimba, na mke wangu alifanya kazi kimya. Kila alipofika mahali pa kuitikiwa mjane alisimama, akangoja, kidole juu, kama mwalimu.

"Niko ku kazi, maman."

"Basi mimi naimba, weye tandika."

Alikufa baada ya miaka miwili, wakati wa masika, akiwa bado katika chumba chake cha chini, upande wa bustani. Binti yake alitupigia simu kuomba kwaya. Mke wangu aliomba ruhusa ya siku moja, akavaa kitenge chake, akatoa medali mfukoni mwa aproni, akaitundika shingoni, nje ya nguo. Kanisani ndiye aliyeanzisha, na alianza juu, pale pale mjane alipokuwa anaanzia, mpaka papa wa besi akanitazama kwa huruma.

Mkurugenzi alikuja. Hakuingia. Mvua ilikuwa inanyesha, naye alisimama chini ya ukingo wa mlango, amewashikia wafanyakazi wake miavuli yao yote mkononi kama fungu la kuni. Tulipotoka nyuma ya jeneza akamtafutia mke wangu wa kwake, akaufungua kabla ya kumpa.

"Leo mmeimba na jina?" akauliza.

"Na jina, Monsieur."

Akatikisa kichwa kukubali, akaanza kugawa miavuli iliyobaki.